Dawa Iliyolala na Samaki

Tiii. Kisha kimya. Saa nzima inapita, halafu tena: tiii.

Mpaka leo naisikia ile sauti. Haikutoka kwenye simu wala kwenye redio ya jirani. Ilitoka ndani ya tumbo langu, upande wa kushoto, chini ya mbavu, nikiwa nimekaa uani kwetu Butembo nachambua maharage. Mama aliinua kichwa, akaangalia kuku, akaangalia simu yake, mwisho akaniangalia mimi.

"Mwamini, njo ile?" Yaani, ndiyo ile?

"Njo ile, Mama. Inasema iko na kiu."

Nilicheka. Mimi nacheka haraka, wote munanijua. Lakini Mama hakucheka. Aliacha maharage, akaenda kunitafutia nguo za safari.

Ninyi muliobaki nyumbani mulinisomea fatiha, na niliporudi wengi muliniuliza: Beni ulifanya nini siku zote zile? Basi nawaeleza hatua kwa hatua. Mutanisamehe kama maneno mengine yana moto. Safari hii niliifanya na hasira, na kipande cha ile hasira bado ninacho.

Nianze na sababu ya kuondoka. Miaka minne iliyopita nilianguka kutoka juu ya mizigo ya Fuso ya Baba, tukitoka Kirumba na magunia ya maharage. Kwenye picha za hospitali mgongo ulipona. Kwenye mwili haukupona. Nilikuwa nalala ubavu mmoja kama mti uliokatwa, na kabla ya kila swala Mama aliniosha miguu kama mtoto mchanga, kwa sababu kuinama sikuweza. Baba mdogo Shabani, anayefanya biashara Kampala, akanipeleka Uhindi. Kule waliniwekea pompe. Ni kitu cha duara, kinene kama kopo la pomade, kimelala chini ya ngozi ya tumbo. Mrija mwembamba kama uzi unatoka humo, unazunguka ubavuni mpaka mgongoni, na unadondosha dawa tone kwa tone kwenye uti wa mgongo. Siku ilipoanza kazi nilikaa kwenye kiti, nikainama, nikajiosha vidole vya miguu mimi mwenyewe. Muuguzi wa Kihindi alifikiri nalia kwa maumivu.

Lakini pompe inakula. Kila miezi mitatu hivi lazima ijazwe kwa sindano, na pande zetu daktari anayejua kuijaza ni mmoja tu, yuko Beni. Dawa ikibaki kidogo, pompe inalia kila saa. Ikikauka, maumivu yanarudi na jamaa zake: mwili uliozoea ile dawa unageuka adui, unatetemeka, unatapika, unawaka homa. "Usikubali ikauke hata siku moja," waliniambia Uhindi.

Dawa yenyewe Baba mdogo anainunua Kampala, anampa shofa tunayemjua, shofa anavuka nayo mpaka wa Kasindi chini ya kiti chake, na Beni anaipokea Mzee Ramazani, rafiki wa Baba, mwenye depo ya samaki. Sisi watu wa magari ndivyo tunavyofanya. Kitu cha thamani hakiandikwi karatasi, kinawekwa mkononi mwa mtu. Safari za nyuma, mimi na dawa tulifika siku moja. Mara hii dawa ilinitangulia siku nne. Nikampigia Mzee Ramazani simu, nikamwambia, "Muzee, chunga jua isiipige." Neno hilo mulishike, nitalirudia.

Saa moja asubuhi tuliondoka Butembo. Ndiyo, kwa Fuso. Gari lililonivunja ndilo linalonipeleka kwa daktari, na kila mara nikipanda ngazi ya ile kabini nalitukana kimoyomoyo. Dereva wetu Masudi aliniwekea mito miwili mgongoni na mmoja ubavuni.

"Kaa kama reine," akasema, yaani malkia.

"Siku moja utakaa weye hapa, mi niko kwa volani," nikamjibu nikionyesha usukani. "Fuso yangu mwenyewe, na mbele nitaandika ASIYEAMINI APANDE."

"Na nani atapanda mu gari ya mwanamuke?"

"Weye wa kwanza. Utakuwa convoyeur wangu, utakuwa unaweka jiwe nyuma ya tairi."

Alicheka mpaka akakosa gia. Musifikiri ni mzaha. Ndoto ile ninayo tangu nikiwa na miaka tisa, na mgongo haujaweza kuninyang'anya.

Kwenye miteremko ya Kabasha mzaha uliisha. Mvua ilikuwa imechimba barabara, na kila shimo lilipanda kutoka kwenye tairi, likapita kwenye kiti, likaja kuniuma chini ya kiuno. Nilihesabu pumzi. Migomba ilipita dirishani, akina mama wakipanda na vikapu vya makaa, na mimi nikawaonea wivu migongo yao. Samahani, akina mama. Nilijua mzigo ule unaumiza. Lakini jioni wao wangeutua.

Kabla ya kuingia Beni kulikuwa na barrière, kizuizi cha askari. Askari kijana alikuja dirishani kwangu, akataka karte ya utambulisho. Nikamnyooshea. Ndipo tumbo likasema: tiii.

"Nini ezo lela wana?" akauliza kwa Lingala. Ni nini kinalia hapo?

Nami, kwa upumbavu wangu, nikajibu ukweli bila kuuandaa. "Iko mu tumbo yangu, chef."

Munajua tunakaa wapi. Munajua vitu vinavyolia ndani ya nguo za watu vimefanya nini huku. Yule kijana alirudi hatua tatu, bunduki ikanyanyuka, na sauti nne zikapiga kelele pamoja: "Shuka! Lala chini! Lala!"

Nilishuka. Nikalala kifudifudi kwenye changarawe, juu ya pompe yangu, na mgongo ukapasuka kama kuni mbichi kwenye moto. Masudi alikuwa mikono juu upande wa pili, akilia, "Chef, ni mugonjwa! Ni machine ya hôpital! Karte ya docteur iko mu sacoche yake!" Waliitoa mkobani ile karte ya Uhindi, wakaisoma, mmoja akaelewa, wakaniambia niinuke. Sikuweza. Masudi ndiye aliyeniinua.

Kuogopa kwao bomu siwalaumu. Ningekuwa mimi, ningeogopa pia. Nawalaumu kwa kilichofuata. Yule kijana alianza kucheka, akawaita wenzake.

"Leki, mudogo yangu, lia tena kidogo, tusikie!"

"Hapana lia kwa amri, chef. Ngoja saa moja," nikamjibu, na kwa kuwa mdomo wangu haujui adabu, nikatabasamu.

"Ah! Unacheka? Mutu wa kuumwa hapana cheka. Huyu haumwe kitu!"

Neno hilo! Nimelisikia Butembo kwenye arusi, nimelisikia kwa mashangazi, nimelisikia kwa yule mwalimu aliyeniambia niache kujidekeza. Kwa hiyo nifanye nini? Nikunje uso kutoka asubuhi mpaka jioni ili muamini? Kicheko changu nilizaliwa nacho, maumivu yalinikuta njiani. Nilipanda kabini, Masudi akanirudishia mito mgongoni.

Saa sita mchana tulisimama mbele ya depo ya Mzee Ramazani. Alitoka amevaa kofia yake nyeupe, mikono imefunguka. Mzee huyu amenipakata nikiwa mtoto. Mbele yake hasira ilishuka kidogo.

"Karibu, binti yangu! Dawa yako nimechunga sawa macho yangu. Siku ine nzima, groupe haikufa hata dakika moja!"

Groupe? Jenereta inahusu nini? Nilimfuata nyuma ya depo nikijiuliza. Akafungua congélateur, lile sanduku kubwa la kugandishia samaki, akaanza kuondoa samaki aina ya thomson, mmoja baada ya mwingine, wagumu kama kuni. Chini kabisa, ndani ya mfuko mweusi uliofungwa mara tatu, akatoa boksi langu. Lilikuwa limevaa barafu nyeupe kama unga wa muhogo.

Uso wake ulikuwa unang'aa. Hilo ndilo siwezi kulisahau.

Nilifungua. Vichupa vitatu vilikuwa vimepasuka shingo. Vingine vilikuwa vigumu, dawa imekuwa jiwe.

Nimelelewa vizuri. Kwa wazee nasalimia nimeinama, hata kwa huu mgongo. Siku ile nilipiga kelele mpaka depo jirani wakatoka. "Muzee, umeniua! Dawa yangu ya maumivu umeilaza na samaki! Nani alikutuma? Nani alikuambia?"

Wanawake waliokuja kununua samaki walikusanyika. Mmoja, mnene, kitenge cha manjano, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Leo hizi thomson hazitasikia uchungu hata mu mafuta." Wakacheka. Leo na mimi nacheka. Siku ile, kama ningeweza kuinama, ningeokota samaki nimpige naye.

Mzee Ramazani alishika kichupa kimoja kilichopasuka, akakiangalia, akakiweka kwenye kiganja kama ndege aliyeanguka.

Saa nane nilikuwa hospitalini. Daktari, mtu mpole wa kanisa, mwenye kuongea chini, aliviinua vichupa dirishani kimoja kimoja.

"Hivi havikupasuka, docteur," nikasema. "Hivi si tunaweza kutumia?"

"Ma fille, binti yangu, hii haiingii mu tumbo, inaingia mu uti wa mugongo. Dawa yenye iliganda, siwezi kuiamini. Hapana."

"Basi tufanye nini?"

Akaweka juu ya tumbo langu kile kifaa kama simu, kinachoongea na pompe kupitia ngozi. Alibonyeza, akafikiri, akabonyeza tena. "Ninaipunguza mwendo. Yenye imebaki itakufikisha siku sita, pengine. Lakini utaumwa, Mwamini. Sitakudanganya."

Baba mdogo Shabani alipokea simu yangu Kampala, akasikiliza, akasema atanunua boksi lingine, na kwa kuwa barabara ni ndefu, litapanda ndege mpaka Bunia, na kutoka Bunia litashuka Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni. "Siku tano," akasema. Sita toa tano. Hesabu ile hata mimi niliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari niliielewa.

Masudi alirudi Butembo na gari. Mimi nikalala wapi? Beu, mtaa wa hapohapo Beni, nyumbani kwa Mzee Ramazani. Kwa adui wangu. Hakuna mahali pengine, na kwa desturi zetu mtoto wa rafiki halali hoteli.

Siku ya kwanza Beu sikula. Mama Halima, mke wa Mzee, aliweka mbele yangu ndizi za makemba na majani ya sombe.

"Kula kidogo, mwanangu. Chakula haina kosa."

"Sina njaa, Mama."

Siku ya pili mwili ulianza kudai. Pua ilichuruzika, ngozi ikasimama vinyweleo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na mgongo ukarudi ule wa zamani, wa miaka minne nyuma. Wakati wa swala ya adhuhuri nilikaa kwenye kigoda na birika, nikajaribu kuifikia miguu yangu. Mkono uliishia kwenye goti. Nikajaribu tena, ukaishia palepale. Mama Halima alinikuta hapo. Aliyapasha maji, akapiga magoti, akayapima kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, akaniosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, katikati ya kila kidole.

Nilichukia. Nilichukia jinsi yale maji yalivyokuwa na joto zuri. Nilitaka anioshe vibaya ili nipate sababu. Nililia nikiwa nimekunja ngumi, naye akafikiri ni maumivu, kama yule muuguzi wa Uhindi.

Siku ya tatu Mzee Ramazani alikuja kukaa mlangoni, si ndani. Alikuwa ameshika gilet, kizibao cha zamani cha kazi ya Ebola, kilichopauka rangi.

"Binti yangu, sitaki kujitetea. Nataka tu ujue. Wakati ya Ebola, mi nilikuwa nabeba vaccin, ile chanjo, kwa pikipiki, toka Beni mpaka mu ma village. Ilikuwa mu baridi ya kufa mutu, kupita barafu. Walitufundisha: ikipata moto kidogo, watu watakufa. Sikuharibu hata moja. Hata moja! Basi weye uliniambia jua isiipige. Nikasema, kama jua njo adui, baridi njo rafiki."

"Na kwa boksi iliandikwa, Muzee."

"Iliandikwa Kingereza. Mi nasoma Kiarabu na Kifaransa kidogo." Akaikunja ile gilet. "Uliniambia jua. Kuko ingine uliniambia?"

Hakuniuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha, na hapo ndipo nilipopigwa. Uhindi waliniambia mambo mawili, wakanichorea picha mbili: jua lenye msalaba, na barafu yenye msalaba. Mimi nilipeleka moja. La pili niliona ni la bure. Kwetu huku nani angeigandisha? Nilikuwa na haraka, nilikuwa nacheka kwenye simu, nikasema nusu.

Mulidhani hasira iliisha? Iliongezeka. Mwanzoni ilikuwa na mahali pa kwenda. Sasa ilizunguka, ikarudi nyumbani, ikanikuta mimi mlangoni. Nilimwambia, "Hapana, Muzee. Ile ingine sikukuambia." Akainamisha kichwa. Hakusema "unaona?" Angekuwa shangazi yangu, angelisema mpaka Idi.

Siku ya tano asubuhi tulienda Mavivi, mimi nyuma ya pikipiki nimekaa juu ya mto, Mzee kwenye pikipiki ya pili. Ndege ndogo ilishuka. Boksi likatolewa, likawekwa juu ya meza nje, mbele ya ofisi moja, na mtu mwenye shati jeupe akasoma karatasi iliyokuja nalo.

"Hii ni drogue, dawa ya kulevya. Chef wa service hayuko. Murudi kesho."

"Papa, kesho hapana," nikasema. "Dawa yangu inaisha kesho."

"Binti muzima hivi, unaumwa nini? Unapiga kelele muzuri."

Jua la Mavivi lilikuwa limepanda, na boksi lilikuwa wazi mezani. Nikageuka. Mzee Ramazani alikuwa amevua kofia yake nyeupe, ameishika kwa mikono miwili juu ya boksi, mgongo umepinda, anakitengenezea kile kitu kivuli kidogo cha duara. Kichwa chake mwenyewe, kilichonyolewa, kilikuwa juani. Hakuniangalia.

Ile hasira yote ya siku tano, ya barrière, ya samaki, ya maji ya moto, ilipata kazi. Sikupiga kelele. Nilishika meza kwa mikono miwili, nikamwambia yule bwana, "Mi sitatoka hapa. Nitasimama. Utasikia kitu inalia, njo utajua kama niko muzima."

Tulisimama. Watu waliokuwa wanangoja mizigo yao walisogea. Sijui ni dakika ngapi. Jasho lilinishuka mpaka kwenye viatu. Mzee hakuhamisha kofia.

Tiii.

Mama mmoja aliyekuwa na kapu la nyanya akashika mdomo. "Yesu! Mutoto analia na ndani!" Halafu akamgeukia yule wa shati jeupe: "Papa, umupe dawa yake! Ama unangoja afe ndiyo chef akuje?" Wengine wakadakia. Ilikuwa kelele tupu. Yule bwana akaangalia mlango wa ofisi, akaangalia watu, akapiga muhuri.

Mchana ule daktari alipitisha sindano, akanyonya mabaki ya dawa, akajaza mpya. Akanionyesha kiasi kilichokuwa kimebaki. Kingelowesha kidole tu. Akaniweka hapo hospitalini mpaka kesho yake, anarudisha mwendo taratibu.

Kurudi Butembo, Masudi alinifuata na Fuso ileile. Tulipitia depo. Niliomba marker, nikachora kwenye kartoni picha mbili, jua lenye msalaba na barafu yenye msalaba, nikamwachia Mzee. Aliipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Muzee, unisamehe kelele." Akasema, "Na weye unisamehe baridi." Sijui kama nimemsamehe yote. Nampenda, na bado nikikumbuka zile siku nasaga meno. Nimejifunza kwamba vitu viwili hivyo vinaweza kukaa nyumba moja bila kusalimiana. Nimejifunza pia kwamba ukimpa mtu mzigo wako kwa imani, umpe na maneno yake yote, si nusu. Na yule askari wa barrière, tulipopita tena, hakuwepo. Bahati yake.

Tulifika Butembo karibu na swala ya alasiri. Mama alikuwa ameshajaza birika, amekunja mikono ya nguo, kigoda kiko tayari.

"Mama, acha," nikamwambia. "Ingia ndani."

Aliingia. Nilikaa peke yangu uani, kuku wakipita. Niliinama polepole, mkono ukapita goti, ukapita muundi, ukafika. Kati ya vidole kulikuwa bado na vumbi jekundu la Mavivi. Maji yalikuwa baridi. Sikumwita mtu ayapashe. Nilianza na mguu wa kulia.